Nyota Yenye Mkia Iliniaibisha, Kisha Ikanifundisha

Ndugu msomaji, mimi ni bwana shamba. Nina cheti cha kilimo, na kazi hii nimeifanya kwa zaidi ya miaka 20. Eneo langu ni pembezoni mwa Dar es Salaam, wilaya ya Temeke, upande wa Chamazi na Mbande. Watu wengi wakisikia jina la Dar es Salaam hufikiri ni maghorofa na magari tu. Sivyo. Huku kwetu bado yako mashamba ya mihogo, kunde na mahindi. Mabondeni akina mama hulima mchicha, matembele na bamia. Alfajiri huchukua mafungu yao kwenda kuuza sokoni Mbagala.

Mimi sikusomea nyota. Nilisomea udongo, mbegu, mbolea na wadudu. Lakini mwaka 2024 nyota moja iliingia katika kazi yangu bila kupiga hodi. Iliniaibisha mbele ya wakulima wangu. Baadaye ilinifundisha jambo ambalo nalitumia hadi leo. Jambo hilo ndilo ninalotaka kuwasimulia.

BIBI ALIIONA KWANZA

Ilikuwa mwanzoni mwa Oktoba 2024. Nilikwenda kumtembelea bibi mmoja ambaye ni mkulima hodari. Yeye ndiye mkubwa katika kikundi cha akina mama 18. Akipanda yeye, wote wanapanda. Akingoja yeye, wote wanangoja.

"Shikamoo, bibi," nikamwambia.

"Marahaba, mwanangu. Umeiona nyota?"

"Nyota gani?"

"Nyota imeota mkia. Iko mashariki, kabla jua halijatoka. Nimeiona nikienda bondeni kumwagilia mchicha. Jana nimeiona, leo nimeiona tena."

Halafu akaniambia neno lililonitia wasiwasi. Alisema kwamba mama yake alikuwa akimwambia hivi: nyota ya namna ile ikitokea, mwaka huo hauna chakula. Kwa hiyo kunde zake hapandi. Mbegu zitakaa ndani mpaka nyota iondoke.

Ndugu msomaji, mvua za vuli huku pwani ni fupi. Huanza Oktoba au Novemba, na Desemba huwa zinakwisha. Kunde ni zao la muda mfupi, na linafaa kwa vuli. Lakini ukichelewa kupanda, mvua inakwisha kabla kunde hazijatoa maua. Mbegu zile zilinunuliwa kwa fedha za kikundi. Akina mama walichanga kidogo kidogo. Kama zingekaa ndani vuli nzima, nyumba 18 zingekosa mboga na kunde kavu.

Kesho yake niliamka mapema. Saa 11 alfajiri nilisimama ukingoni mwa bonde nikatazama mashariki. Bibi alisema kweli. Chini kabisa, karibu na upeo wa macho, palikuwa na nukta yenye ukungu. Kutoka kwenye nukta ile ulipanda mkia mweupe, mwembamba, kama moshi wa sigara. Mwezi ulikuwa haupo, na giza lilikuwa zito. Nilisimama pale mpaka jua lilipoifuta.

NILIVYOJIAIBISHA

Nilirudi kwa bibi nikamwambia, "Bibi, ile ni nyota tu. Haina neno. Panda."

Akaniuliza, "Kama ni nyota tu, mkia umetoka wapi? Na mbona jana ulikuwa mfupi na leo ni mrefu?"

Sikuwa na jibu. Badala ya kukiri kwamba sijui, nilitazama simu yangu. Humo niliona habari kwamba nyota ile itazidi kung'aa, na kwamba baadaye itaonekana magharibi wakati wa jioni. Wengine waliandika kwamba itapita nyota zote kwa kung'aa. Nikaona nimepata silaha. Niliwatangazia wakulima: Ijumaa tarehe 18 Oktoba, baada ya sala ya magharibi, tukutane uwanja wa mpira. Mtaiona nyota kubwa kuliko zote, na mimi nitawaeleza habari zake.

Watu walikuja wengi. Akina mama walikuja na watoto. Wazee walikuja na viti vyao. Tukatazama magharibi, juu ya vilima vya upande wa Kisarawe. Tuliona Zuhura, ile nyota kubwa ya jioni, inawaka kama taa. Lakini nyota yenye mkia haikuonekana. Mwezi ulikuwa umetimia siku moja tu kabla, nao ukaanza kupanda nyuma yetu ukiwa mkubwa na mwekundu. Taa za maduka nazo zilitumulika. Baada ya kutafuta sana niliona kitu kama alama ya chaki iliyofutwa vibaya ubaoni. Nikaonyesha kwa kidole. Watoto wachache walisema wameiona. Watu wazima walinyamaza.

Kijana mmoja akauliza kwa sauti, "Bwana shamba, na mbegu zako huota hivi hivi?" Watu wakacheka.

Kicheko kile nilikivumilia. Kilichoniumiza ni maneno ya bibi. Alikuja karibu, akasema taratibu, "Mwanangu, ulisema unaijua."

NIKAENDA KUJIFUNZA

Jumatatu nilikwenda kwa mwalimu mmoja wa sayansi anayefundisha sekondari. Nilimweleza yote. Alinipa vitabu vyake, na jioni mbili alikaa nami akanieleza. Haya ndiyo niliyojifunza.

Nyota yenye mkia, ambayo wataalamu huiita kometi, si nyota. Nyota ni moto mkubwa kama jua letu, lakini uko mbali sana. Kometi haina moto wake yenyewe. Ni bonge la barafu, vumbi na mawe yaliyochanganyika. Kwa kawaida bonge hilo lina upana wa kilomita chache tu. Nalo huzunguka jua, kama dunia yetu inavyozunguka jua. Lakini njia yake ni ndefu sana. Huenda mbali mno na jua, kwenye baridi kali, kisha hurudi karibu.

Tena kometi si kimondo. Kimondo ni jiwe au chembe inayoingia katika hewa ya dunia na kuwaka ghafla. Wakati mwingine kimondo huanguka chini. Kule Mbozi, mkoani Songwe, kiko kimondo cha chuma chenye uzito wa tani 16 hivi, na watu huenda kukitazama. Kimondo hupita kwa nukta moja au mbili. Kometi hukaa angani kwa wiki nyingi, na kila siku husogea kidogo.

Sasa, mkia hutoka wapi? Kometi ikiwa mbali na jua hulala tu, kama mbegu katika udongo mkavu. Ikikaribia, jua huipasha moto. Huko juu hakuna hewa, kwa hiyo barafu haiwi maji kwanza. Hugeuka mvuke papo hapo. Mvuke ukitoka kwa nguvu huchukua vumbi. Mvuke na vumbi hufanya wingu kubwa kulizunguka lile bonge. Mwanga wa jua na upepo utokao kwenye jua husukuma wingu hilo nyuma, na huo ndio mkia. Ndiyo maana mkia daima huelekea upande usio na jua. Kometi ikiondoka kwenye jua, mkia hutangulia mbele. Sivyo ulivyo mkia wa ng'ombe.

KWA NINI MNG'ARO HUBADILIKA

Hapa ndipo lilipokuwa swali la bibi. Mwalimu alinipa sababu kadhaa.

Ya kwanza ni umbali wa kometi na jua. Barafu ya maji huanza kutoa mvuke kwa nguvu kometi inapofika karibu kilomita milioni 400 kutoka kwenye jua. Kila inaposogea, joto huongezeka, mvuke huongezeka, na vumbi huongezeka. Kometi yetu ya mwaka 2024 inaitwa Tsuchinshan-ATLAS. Iligunduliwa mwaka 2023 na wataalamu wa China na kwa darubini iliyoko Afrika Kusini. Ililikaribia jua kuliko siku zote tarehe 27 Septemba 2024. Ndiyo maana siku chache baadaye bibi aliiona ina mkia mrefu.

Ya pili ni umbali wake na sisi, na upande tunaoutazama. Tarehe 12 Oktoba ilifika kilomita milioni 71 hivi kutoka duniani, na haikukaribia zaidi ya hapo. Siku tatu kabla, tarehe 9, ilipita karibu katikati yetu na jua. Je, umewahi kuona mwale wa jua unaopenya kwenye tundu la bati? Vumbi la ndani ya nyumba, ambalo hulioni, linawaka ndani ya mwale ule. Vumbi la kometi nalo liliwaka hivyo. Kwa hiyo kweli iling'aa sana, lakini wakati huo ilikuwa pembeni kabisa mwa jua, na macho yetu hayakuweza kuitazama. Mimi niliwaita watu tarehe 18, wakati inaondoka na inafifia. Tena niliwaita siku ya mwezi mkubwa.

Ya tatu ni ngozi yake. Barafu ikishatoka, vumbi zito hubaki juu na kufanya gamba jeusi. Gamba hilo huikinga barafu ya chini isipate joto. Kometi iliyopita karibu na jua mara nyingi huwa na gamba nene, na hutoa mvuke kwa matundu machache tu.

Ya nne ni kwamba bonge lenyewe linajizungusha. Upande wenye matundu ukitazama jua, mvuke hutoka. Ukigeuka gizani, mvuke hupungua. Wakati mwingine ukingo huporomoka na barafu mpya hupata jua. Jambo hili limeonekana. Mwaka 2014 chombo cha nchi za Ulaya kiitwacho Rosetta kilifika kwenye kometi moja na kukaa nayo kwa miaka miwili. Julai 2015 ukuta wa jabali kwenye kometi ile uliporomoka, na barafu nyeupe ikaonekana mahali palipokuwa peusi. Ni kama kingo za Mto Mzinga zinapomeguka, tukaona udongo mbichi wa ndani.

Ya tano ni kwamba kometi huweza kupasuka. Oktoba 2007 kometi moja iitwayo Holmes iling'aa ghafla mara kama laki tano zaidi katika siku mbili tu, hali ilikuwa inaondoka kwenye jua. Wataalamu wengi hufikiri gesi ilijikusanya chini ya gamba mpaka gamba likashindwa. Nyingine ilipata bahati mbaya. Iliitwa ISON. Watu waliisubiri kwa hamu, lakini tarehe 28 Novemba 2013 ilipita karibu mno na jua ikasambaratika.

Ya sita ni ugeni. Kometi inayokuja kwa mara ya kwanza ina barafu za gesi nyingine, nyepesi kuliko barafu ya maji. Hizo hutoka mapema, kometi ikiwa bado mbali, na hutudanganya. Mwishoni mwa 1973 ilikuja kometi iitwayo Kohoutek. Kwa vile iling'aa mapema, ilitabiriwa kwamba itakuwa ajabu kubwa. Ilipofika, haikufikia hata karibu ya yale yaliyosemwa. Ulikuwa moto wa makuti. Makuti huwaka kwa kishindo, lakini chungu hakiivi.

NJIA INAHESABIKA, MNG'ARO HAUHESABIKI

Nilimwuliza mwalimu, "Sasa wataalamu wanajua nini, kama hata mng'aro hawaujui?"

Akanijibu kwa habari ya kometi mashuhuri kuliko zote, ile ya Halley. Edmond Halley alikuwa mtaalamu wa Uingereza. Mwaka 1705 aliandika kwamba kometi iliyoonekana mwaka 1682 itarudi karibu na mwaka 1758. Alifariki mwaka 1742. Usiku wa Krismasi ya mwaka 1758 kometi ikaonekana tena. Tangu hapo inaitwa kwa jina lake. Ilirudi mwaka 1910, wakati nchi yetu ilikuwa chini ya Wajerumani. Ikarudi mwaka 1986. Itarudi tena mwaka 2061. Njia yake yahesabika kama kalenda.

Lakini mng'aro wake si kama kalenda. Mwaka 1910 ilipita kilomita milioni 23 hivi kutoka kwetu, na ilikuwa kubwa sana. Mwaka 1986 ilipita mbali zaidi, kama kilomita milioni 63, na ilikuwa hafifu. Ni kometi ile ile.

Hii ya mwaka 1986 nami nina kumbukumbu nayo. Nilikuwa na umri wa miaka sita. Marehemu baba alinibeba mabegani usiku akanionyesha kwa kidole. "Umeiona?" akaniuliza. Nikasema ndiyo. Kwa kweli sikuiona. Niliogopa kumvunja moyo. Nilipokumbuka hilo, niliwakumbuka wale watoto wa uwanjani, na nikajua walichofanya.

Mwaka huo huo wa 1986 chombo kiitwacho Giotto kilipita karibu na kometi ya Halley na kupiga picha. Kilikuta bonge la urefu wa kilomita 15 hivi, jeusi kuliko mkaa, linafuka mvuke upande wa jua. Hakikukuta kingine chochote.

Hata kwa kometi yetu ya 2024 wataalamu walipingana. Julai 2024 mtaalamu mmoja mkubwa wa Marekani, Zdenek Sekanina, aliandika kwamba iko njiani kusambaratika. Haikusambaratika. Hakuwa mjinga. Alitazama dalili akasema alichoona. Lakini ndani ya bonge hakuna aliyeingia. Hakuna ajuaye gamba lina unene gani, wala ufa uko wapi.

BARAFU NA MARANDA

Nilirudi kwa akina mama. Safari hii sikuita mkutano wa uwanjani. Nilinunua barafu kwa wauza samaki, nikaigawa vipande viwili vya ukubwa mmoja. Kimoja nilikiweka wazi juani. Cha pili nilikifunika kwa maranda ya mbao, kama wafanyavyo wenyewe wauza barafu.

Kilichokuwa wazi kilianza kutiririka mara moja. Kilichofunikwa kilikaa. Baadaye nilichukua kijiti nikafuta maranda upande mmoja tu. Upande huo ukaanza kutiririka. Nikasema, "Akina mama, nyota ya bibi ni hii. Maranda ni vumbi lake. Jua ni hili hili letu. Nilikosea kuwaahidi mng'aro, kwa sababu sikujua maranda yake yamekaaje. Wala wakubwa wa elimu hawakujua kwa hakika. Nisameheni."

Bibi alikitazama kile kipande kwa muda. Kisha akauliza, "Sasa hiyo barafu huko juu, inajuaje kama mimi nitapata kunde?"

Wote tukacheka, na safari hii nilicheka nao. Nikamjibu, "Haijui, bibi."

"Basi nani anajua?"

Ningeweza kusema mimi najua. Nilishaona matokeo yake. Nikasema, "Mvua yote itakayokuja hakuna anayeijua. Utabiri wa hali ya hewa hutusaidia, lakini nao ni dalili. Udongo, hata hivyo, tunaweza kuugusa. Mvua ikinyesha, chimba. Kama unyevu umeshuka chini kwa urefu wa kiganja, panda. Kama umelowa juu tu, ngoja. Na usipande mbegu zote siku moja."

Usiku ule mwezi ulikuwa bado haujatoka. Mwalimu alitukopesha darubini yake ndogo. Bondeni, mbali na taa, tuliipata kometi magharibi. Ilikuwa imepanda juu zaidi, lakini imekuwa ndogo na mkia umefifia. Bibi aliitazama kwa zamu yake, akasema, "Inazimika."

"Haizimiki, bibi. Inakwenda kwenye baridi. Inalala."

KUNDE ZILIPANDWA

Mvua ilipoanza kulowesha, bibi alichimba kwa mkono wake mwenyewe, akapima kiganja. Alipanda nusu ya mbegu. Baada ya mvua iliyofuata akapanda nusu ya pili. Wenzake wakafanya hivyo hivyo.

Sitawaficha, ndugu wasomaji. Vuli ile mvua ilikuwa haba kwetu. Kunde za kupanda kwanza zilizaa. Za pili zilitoa majani, watu wakala mboga na kuuza mafungu, lakini punje zilikuwa chache. Baadhi ya watu walisema, "Si mmeona? Ni ile nyota." Niliwauliza, "Na mafuriko ya El Niño ya mwaka 2023, nani aliniambia ameona nyota yenye mkia?" Hakuna aliyejibu. Mvua zetu hutegemea joto la bahari na upepo. Bonge la barafu lililo mbali kilomita mamilioni halina mkono humo. Kama wangeingoja nyota iondoke, hata zile za kwanza wasingezipata.

Ile kometi ya 2024 haitarudi katika maisha yetu, wala ya wajukuu wa wajukuu zetu. Lakini nyingine zitakuja. Ukiiona moja, toka nje na watoto uitazame, mbali na taa, usiku usio na mwezi. Usiiogope. Ujue ni barafu inayopata jua. Na mtoto akisema haioni, usimlazimishe kusema ameiona.

Kwa upande wangu, siku hizi mkulima akiniuliza jambo, kwanza najiuliza: hili ni la njia au ni la mng'aro? Kama linahesabika, namwambia kwa hakika. Kama halihesabiki, namwambia dalili ninazoziona, na namwambia kwamba ni dalili. Bibi bado ananiita bwana shamba. Na kila msimu, kabla hajapanda, anachimba na kupima kiganja.